Vidonge vya mjomba na njia ya Mwanihana

Mjomba wangu alifanya kazi reli ya TAZARA miaka ishirini na kitu, na miaka yote hiyo alipita chini ya milima ya Udzungwa akiwa ndani ya behewa. Alikuwa akituhadithia tangu tuko wadogo: ukitoka Dar, treni ikishapita Kidatu, mkono wa kulia unaona msitu umeshuka kutoka mawinguni mpaka jirani na mashamba ya miwa, na katikati ya ule ukijani kuna mstari mweupe umesimama wima. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje. "Nimeyatazama kwa dirisha ujana wangu wote," alisema siku ya Idi, mwaka juzi, sebuleni kwetu Tabata, sahani ya pilau ikiwa bado mkononi. "Mpaka nimestaafu sijawahi kuyashika maji yake."

Wifi yangu akasema, basi Agosti twende.

Na wifi hakuishia Sanje. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya Hifadhi ya Udzungwa kuna njia ya Mwanihana, kilomita 38, siku tatu na kulala porini mara mbili, unaanzia chini kwenye joto la bonde la Kilombero unafika kwenye kilele kilichopita mita 2,000. Mjomba ana miaka sitini na mitatu. Akasema kama ni kwenda, twende mpaka juu. Hapo hapo nilitakiwa kumuuliza swali moja, na sikumuuliza.

Sisi wa Dar tunaishi pahali tambarare, kwa hiyo miguu yetu haijui mlima ni kitu gani. Kwa anayetaka kuanza mazoezi, Pugu panatosha kabisa. Tulikwenda Jumamosi sita mfululizo kupanda na kushuka vile vilima, kila mtu na begi mgongoni lenye maji lita tano. Mjomba alikuja mara mbili tu. Jumamosi nyingine alisema ana shughuli, na kwa heshima hatukumdadisi.

Viatu nilivipata soko la Karume. Buti za mtumba, ngozi nzuri, soli ina meno, na zilinikaa mguuni sawasawa kana kwamba zilishonwa kwa ajili yangu. Nilifurahi mno, kumbe hapo ndipo nilipokosea. Njia ikishuka, mguu mzima unateleza kwenda mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha kila hatua. Kiatu cha mlima kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, na kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari. Kucha zangu za vidole gumba zilianza kugeuka zambarau siku ya kwanza tu, zikawa nyeusi, na ilipofika Oktoba zote mbili zilikuwa zimeng'oka. Wifi alichukua buti zilizozidi namba moja akavaa na soksi nzito. Hakutoka hata lengelenge.

Tulipanda basi la Ifakara alfajiri, kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Mpaka Mang'ula, lilipo geti la hifadhi, ni kilomita 350 hivi. Chalinze, Morogoro, kisha barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na pale basi zima liliamka. Twiga walikuwa karibu na lami. Pundamilia, swala, nyani wamekaa pembeni ya matuta. Mtoto mmoja kiti cha mbele alikuwa anawahesabu kwa sauti. Mjomba alinigeukia, "Unaona, mama, hata hatujashuka tumeshaona wanyama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Mikumi mjini basi likakata kushoto, tukashuka kuelekea Kidatu, na harufu ya miwa ikaanza kuingia madirishani.

Nilikuwa na picha hiyo kichwani, kwamba mnyama ni kitu cha kuona kwa mbali kwenye nyasi. Udzungwa hakuna barabara ndani ya hifadhi. Huendi na gari. Unatembea, na mbele yako kuna ukuta wa majani.

Asubuhi ya kwanza getini Mang'ula tulilipia kwa namba ya malipo kwenye simu. Sisi wananchi tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na kile wanacholipa wageni, na kila nikifikiria jambo hilo naumia jinsi tunavyozikimbia hifadhi zetu wenyewe. Kisha mwongozaji, kijana mpole mwenye daftari, akatuuliza mbele ya wote: kuna mwenye pumu? Presha? Sukari? Kifafa? Kuna anayetumia dawa yoyote ya kila siku? Wifi akasema hapana. Nikasema hapana. Mjomba akasema, "Sisi wazima kabisa, kijana wangu." Mwongozaji akaandika.

Sanje siku hiyo ilikuwa raha tupu. Maporomoko yanaanguka kama mita 170 kwa hatua tatu, na njia inapanda pembeni yake msituni, mizizi imekuwa ngazi. Mjomba alipofika kwenye bwawa lililo chini ya maji alivua kofia, akakunja suruali, akaingiza mikono yote miwili mpaka viwikoni akakaa hivyo muda mrefu bila kusema neno. Nilimpiga picha kwa nyuma. Juu yetu mbega wekundu wa Iringa, wanaopatikana milima hii na bonde la Kilombero tu, walikuwa wanarukaruka, mkia unaning'inia kama kamba, kichwa chekundu kama kutu.

Mwongozaji ndiye aliyenifundisha kwamba msituni sikio linatangulia jicho. Tawi likipasuka juu, subiri. Vipande vya majani vikidondoka vikiwa vibichi, kuna anayekula. Matunda yakianguka mfululizo, usipige hatua nyingine. Alituambia habari ya mangabei wa Sanje, jamii ya nyani wa msituni ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979, na walianza kwa kumsikia sauti kabla ya kumwona. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Akatuambia na habari ya sange wa Udzungwa, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, uso wa kijivu, ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Huyo alitangazwa rasmi mwaka 2008 tu! Mimi mwaka huo nilikuwa nimeshaanza kazi. Nilikuwa nadhani wanyama wote wa nchi hii walishaandikwa vitabuni kabla sijazaliwa.

Usiku mjomba alilala mapema. Asubuhi alikunywa chai bila kitu. Nilimwona anasugua kisogo, nikamuuliza, akasema ni mto wa gesti, mgumu.

Tukaanza Mwanihana. Tulikuwa sisi watatu, mwongozaji, wapagazi wawili na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, kwa sababu juu kuna tembo na nyati. Tembo wa kupanda mlima! Nisingeamini kama nisingeona miti iliyopakwa matope makavu, mahali walipojikuna, juu zaidi ya kimo changu, na chini kinyesi kimejaa mbegu. Njia ilikuwa inapanda bila huruma. Joto la asubuhi, unyevu, jasho halikauki. Wataalamu wanauthamini sana msitu huu kwa sababu haujakatika: unaanza mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari unakwenda mpaka kupita mita 2,000 bila pengo, kwa hiyo unapopanda unaona miti yenyewe inabadilika, mivule mikubwa inabaki chini, halafu polepole magogo yanavaa kuvu na hewa inakuwa ya baridi.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu naamini linafanywa na wengi. Mimi na wifi tulikuwa mbele. Kila baada ya dakika kumi tulisimama kumsubiri mjomba. Tulikaa kwenye gogo, tukanywa maji, tukapumua, tukatazama vipepeo. Mjomba alipotokea na mwongozaji, tulisema, "Pole mjomba, umefika, haya twende," tukainuka. Tulifanya hivyo mara tano au sita. Tulijiona watu wema, tunamsubiri mzee. Lakini hebu hesabu: sisi tulipumzika mara sita, yeye hakupumzika hata mara moja. Kila alipotufikia ndipo safari ilipoanza upya. Na mtu mzima mwenye heshima zake hawezi kuwaambia wapwa zake ngojeni kwanza.

Mwongozaji alituambia hilo kwa adabu, "Dada, mzee atangulie." Aliliona kabla yetu. Mjomba akakataa, akasema anapenda nyuma. Baada ya mwinuko mmoja mrefu hatukumwona akitokea. Nikasikia filimbi ya mwongozaji, fupi, mara mbili.

Tulimkuta amekaa chini, mgongo kwenye mti, uso umebadilika rangi. Jasho lilikuwa limemtoka hata kwenye mikono. Alisema kichwa kinapasuka na macho yanaona vimulimuli. Mwongozaji alipiga magoti mbele yake, akamfungua vifungo vya shati, akamuuliza tena maswali yale yale ya getini, safari hii kwa sauti ya chini ambayo sisi hatukupaswa kuisikia. Mjomba akanitazama mimi, halafu akatazama chini.

"Natumia vidonge vya presha," akasema. "Miaka minne. Nimeviacha nyumbani."

"Kwa nini, mjomba?"

"Mama, vile vidonge vinanipeleka msalani kila wakati. Basi lile linasimama? Huku porini nitakuwa najificha kwenye vichaka nyinyi mkiwa hapo? Nikasema siku hizi chache niache, nikirudi nitaendelea. Na ningewaambia mngenikataza kuja."

Mimi nafanya kazi famasi, Buguruni. Nina miaka zaidi ya kumi na tano nyuma ya kaunta. Vile vidonge navifahamu kwa rangi na kwa pakiti; kuna dawa za presha zinazopunguza maji mwilini, na wazee wengi wanaziacha siku ya safari, siku ya msiba, siku ya harusi, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja mjomba. Kila siku namwambia mteja: usikatishe dawa, ikikusumbua rudi kwa daktari, akupangie muda au akubadilishie. Naliimba hilo kutwa nzima. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, sijawahi kumuuliza anameza nini. Niliona aibu iliyonikaa kooni mpaka nikashindwa kusema pole.

Mwongozaji hakulaumu mtu. Alisema tu, "Tutapumzika hapa, kisha tunashuka. Kilele hakiondoki." Wifi akauliza kama yeye na mpagazi mmoja wanaweza kuendelea. Akajibiwa hapana, na najua lilimuuma, alikuwa ameweka akiba miezi minane. Hakurudia kuuliza. Alivua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni akailowesha maji, akamweka mjomba shingoni.

Tukakaa kimya. Hatukuwa na la kusema. Labda nusu saa ilipita, labda zaidi.

Kwanza ilikuwa sauti, mbali, upande wa korongo: mlio mmoja wa juu, halafu kimya cha kama mtu anayevuta pumzi, halafu kuguguma kwa haraka. Mwongozaji akainua kidole. Askari akakaa chini na yeye. Kisha nikasikia majani makavu yanapekuliwa, kama kuku wanaochakura nyuma ya nyumba, lakini kuku wengi, kutoka pande mbili.

Walitoka mmoja mmoja. Mangabei. Wa kwanza alikuwa jike, manyoya marefu ya kijivu, tumbo lenye rangi ya embe lililoanza kuiva, nywele za kichwani zimesimama kama za mtoto aliyetoka kuamka. Alikuwa anatembea chini, mkia juu. Aligeuza jani, akalinusa, akatupa. Akageuza lingine, akatoa kitu kidogo kwa ncha ya vidole viwili, akakikagua kama mama anayechambua mchele, akatia mdomoni. Mtoto alikuwa amening'inia tumboni kwake, sikio moja limekunjika. Alipita kati ya begi langu na mguu wa mjomba ulionyooshwa, hatua nne hazifiki. Mwongozaji alitunong'oneza kwamba kundi hili limezoeshwa watu na watafiti, ndiyo maana hawatukimbii, ila tusiwasogelee wala tusitoe chakula, maradhi yetu yanawaua. Nikamwona mjomba machozi yanamtoka, hayafuti.

Walipita pengine thelathini, pengine zaidi. Kama tungekuwa kwenye mwendo ule wetu wa asubuhi, tukihema na kugonga fimbo, wangetusikia mapema na wangeachana na njia.

Kushuka, mjomba alitangulia. Sote tulikwenda kwa hatua yake, na tulisimama alipotaka yeye. Vidole vyangu viliniua njia nzima. Jioni kwenye kituo cha afya presha yake ilikuwa 180 kwa 105. Walimpumzisha, akapewa dawa, akaambiwa asipande tena safari hii. Usiku ule nililala kiti cha pembeni nikimsikiliza akipumua.

Kesho yake tulikuwa na siku ya bure, basi tukakaa kwa mama lishe mmoja, karibu na barabara, anayepika wali wa Kilombero ambao harufu yake inakufikia kabla ya sahani. Alikuwa anapikia mkaa. Mazungumzo yakafika kwenye kuni. Alisema zamani waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku maalumu za wiki, na mwaka 2011 ruhusa ile ikafungwa. Hakusema kwa uchungu sana, alisema kama mtu anayetaja bei. "Msitu umepona, kweli," alisema, "ila mimi kila siku nanunua moto."

Nimelifikiria sana neno lile nikiwa Dar. Mabwawa ya Kidatu na Kihansi, megawati 204 na 180, yapo kwenye miguu ya milima hii hii, na umeme wake unaingia kwenye gridi inayowasha feni yangu Tabata. Mvua inayolisha misitu ile inatoka Bahari ya Hindi, bahari hii tunayoitazama kila siku tukivuka Feri kwenda Kigamboni. Kihansi kuna chura mdogo wa manjano anayezaa watoto hai, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakapungua, maradhi nayo yakaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokolewa wachache wakafugwa Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Tunaposema umeme umekatika huku mjini, tunaongea kana kwamba unatoka ukutani. Unatoka kwa yule mama na kwa yule chura. Naona tuna deni, na ningependa tuanze kulilipa walau kwa kwenda kuwaona, kula wali wao, kulipa waongozaji wao.

Kabla ya kuondoka mjomba alitembea njia fupi ya karibu na geti, ile ya maporomoko ya Prince Bernhard, yule wa Uholanzi aliyeizindua hifadhi mwaka 1992. Ilimtosha.

Tuliporudi nilimpeleka mwenyewe kliniki. Daktari alimbadilishia dawa na kumpangia muda wa kumeza, na yale mambo ya msalani yakapungua. Swali lilikuwa jepesi hivyo, na alilibeba peke yake miaka minne kwa aibu.

Famasi siku hizi, mzee akija kuchukua dawa za presha namuuliza kama ana safari. Wengi wanacheka kidogo, wanatazama pembeni, kisha wanasema ndiyo, na kwamba walikuwa wanafikiria kuziacha. Hapo tunaongea. Kuna mmoja alikuwa anakwenda Moshi kwenye msiba. Nilimwandikia kwenye bahasha ya dawa saa za kumeza kulingana na vituo ambavyo basi linasimama.

Mjomba anakuja Pugu kila Jumamosi. Anatangulia yeye. Akisimama tunasimama wote, na hakuna anayeinuka mpaka ainuke mwenyewe. Wifi ameanza tena kuweka akiba, na mimi nimepata buti nyingine Karume, zimezidi namba moja. Juzi kwenye mteremko wa pili mjomba alinyoosha mkono nyuma kutuzuia, kidole juu, kama alivyofanya yule mwongozaji. Kima walikuwa juu ya mti, wawili, wanakula. Tulikaa pale mpaka walipomaliza.